Kichwa Kinaingia Mara Ngapi

Harufu ya formol na harufu ya pondu hazikai jiko moja. Nililisema hilo juma lililopita, na sikulisema kwa upole. Mjukuu wangu Nadine, anayesoma mambo ya samaki chuoni, aliingia na ndoo yenye kifuniko, samaki wake wamelowekwa ndani ya ile dawa ya kuzuia kuoza, akaiweka pembeni kabisa ya sufuria yangu ya majani ya muhogo. Alipoifungua, macho yakaniwasha, koo likakauka.

"Toa hiyo kitu hapa," nikamwambia. "Weye unataka kuua batu?"

"Koko, pardon. Dakika mbili tu. Kule tunakopanga hakuna meza."

Dakika mbili za vijana ninazijua. Nikachukua mwiko nimfukuze nao, ndipo nikaona alichotoa mfukoni: chuma kirefu cha kung'aa chenye taya mbili, moja imesimama, nyingine inateleza. Mwiko ukabaki hewani. Miaka yote hii, na mkono wangu ulijua uzito wa chuma kile kabla sijakigusa.

"Bon," nikasema. "Sogeza sufuria. Weka samaki yako hapa."

Nadine alishangaa. Hajazoea kuniona nikishindwa upesi namna ile. Lakini sikushindwa na yeye. Nilishindwa na mtoto mmoja mwenye paji kubwa wa kule Lubunga, ambaye wakati huo hakuwa amefikia hata kiwiko cha mama yake.

Tulikaa ng'ambo ya kushoto ya mto, nyumba ya pili kutoka majini. Papa alitoka Yanonge na nyavu zake, akajenga pale kwa sababu mtumbwi ulilala karibu na kitanda chake, na hivyo ndivyo alivyopenda. Tulikuwa papa, mama, koko aliyemzaa papa, yaya Bea, dada yangu mkubwa, aliyekuwa tayari msichana wa kujifunga kikwembe, mimi, na Fiston ambaye bado alinyonya. Ua wetu ulinukia moshi wa samaki asubuhi hadi jioni. Nguo zilinukia moshi, mkeka ulinukia moshi, hata maziwa ya Fiston sijui kama hayakunukia. Leo watu wananunua manukato. Mimi nikitaka kufurahi napita sokoni upande wa samaki wa moshi, nanusa, naenda zangu.

Sasa hili paji. Ninalo hadi leo, simfichi mtu. Enzi zile lilinitangulia njiani. Tena nilipenda kusema Kiswahili, kwa sababu wenzangu wa kucheza walikuwa watoto wa wafanyabiashara waliotoka Maniema, wakati nyumbani kwetu walisema Kilokele na Lingala. Yaya Bea alichukua mambo hayo mawili akayashona pamoja. Siku moja tunaparua magamba akanitazama, akatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma.

"Weye haiko mutoto wa hapa," akasema. "Mama alikuokota ku gare. Treni ya Ubundu ilikusahau juu ya gunia ya mchele. Angalia hiyo paji. Kwetu nani iko nayo?"

"Unadanganya!"

"Bon, nadanganya. Alors kwa nini haiko ku kafi?"

Hapo alinimaliza. Kafi la papa, lile kasia lake refu la kupigia mtumbwi amesimama, lilikuwa la baba yake kabla yake. Kila mtoto wa nyumba ile, siku aliyovuka mto kwa mara ya kwanza amesimama mtumbwini bila kushika ukingo, alisimamishwa kando ya kafi na kukatwa alama ya kisu kwenye kimo chake. Alama ya papa ilikuwepo, imeiva kwa mafuta ya mikono. Ya tonton, ndugu yake papa, ilikuwepo. Ya Bea ilikuwepo. Yangu haikuwepo, na Bea kwa umri wangu alikuwa ameshakatwa.

Kumwuliza mama sikuthubutu. Kofi sikuliogopa, makofi ya mama yalikuwa mepesi. Niliogopa aseme ndiyo.

Ndivyo nilivyokuwa, na moyo mzito chini ya paji zito, wakati bwana mmoja wa chuo alipoanza kuvuka kutoka Makiso kuja kwetu. Alikuwa mwembamba, kalamu tatu mfukoni mwa shati, viatu mkononi ili visilowe. Aliomba ruhusa kwa papa apime samaki kabla hawajauzwa. Papa akakubali. Watoto tukampa jina siku ileile: Papa Meta.

Koko hakumpenda mara moja.

"Weye papa mzima," akamwambia, "samaki inapimwa ku tumbo. Ukishiba, umepima."

"Kweli, mama," Papa Meta akajibu kwa adabu. "Lakini mimi nikishiba sitajua kama hawa wawili ni jamaa moja ao mbili."

Akamwonyesha. Walikuwa wale samaki wa mdomo mrefu, unaoinama chini kama mkonga wa tembo mdogo. Ngozi laini, kijivu cha kwenda kwenye zambarau, macho madogo ya mtu anayekaa gizani. Kuna wenye mkonga mrefu, kuna wenye mkonga mfupi, kuna wa katikati ambao huwezi kuapa. Papa aliwachanganya ndani ya kikapu kimoja. Koko alisema ni samaki wawili, kila mtu anajua, wa mkonga mfupi hana mafuta. Papa Meta alisema atawapima kwanza.

Alihitaji mkono wa kushika mkia. Yaya Bea alisema ananuka vya kutosha. Mimi nikachuchumaa.

Nitawaambia jinsi kazi ile inavyokwenda, kwa sababu niliipenda kuliko mchezo wowote. Samaki analazwa ubavu, kichwa kushoto, daima kushoto. Unamnyoosha bila kumvuta. Chuma kinafungua taya, kinamshika kutoka ncha ya mdomo hadi pale mwili unapoisha na mkia unapoanza. Mkia wenyewe haupimwi, maana mkia huliwa na wenzake huko majini na hausemi ukweli. Kisha kichwa. Kisha mkonga peke yake. Kisha jicho. Kisha kimo cha tumbo. Kila mara anasoma kwa sauti, anaandika, anapuliza wino ukauke. Chuma kilikuwa baridi hata jua la saa sita. Mara mojamoja alinipa nikishike, nami nilikishika kama mtoto mchanga.

Aliniita mademoiselle. Hakuna mtu aliyewahi.

"Mademoiselle, huyu na huyu, nani mrefu?"

"Huyu."

"Na je, urefu utatuambia kama ni ndugu?"

Nikafikiri. "Hapana. Yaya Bea ni mrefu kuliko mimi."

"Aaa! Vizuri sana. Basi hatuulizi ni mrefu kiasi gani. Tunauliza kichwa chake kinaingia mara ngapi ndani ya mwili wake. Ndugu wa kweli, kichwa kinaingia karibu mara sawasawa."

Nyinyi mliopita shule ndefu mnacheka. Mimi niliishia darasa la tatu. Lakini maneno yale yaliniingia kama maji kwenye mtumbwi wenye tundu. Kumbe kulikuwa na njia ya kujua! Hakuna haja ya kumwuliza mama. Hakuna haja ya kungoja kafi. Kichwa kinaingia mara ngapi, basi.

Jambo moja niliona bila kulielewa. Samaki wadogo wa aina ileile, Papa Meta aliwatoa kikapuni akawatia ndoo ya pembeni, hakuwachanganya na wakubwa hata mara moja. Mimi nikafikiri anamwachia mama wa kutia kwenye sufuria. Nikasema moyoni, huyu bwana amelelewa vizuri.

Mchana ule, papa alipolala mkekani baada ya kula, nilichukua kipande cha uzi wa wavu. Kofia yake ya mtoni, ile asiyoivua isipokuwa usingizini, ilikuwa imeanguka pembeni. Nikaweka uzi kutoka utosini hadi kidevuni, nikafunga fundo. Kisha nikaanza kuteremka naye, fundo kwa fundo, kifuani, tumboni, magotini. Alikoroma, mdomo wazi, akanipiga kofi kama nzi. Nikangoja, nikaendelea. Saba na kidogo.

Mama alikuwa anatwanga. "Unafanya nini nyuma yangu?"

"Ninakupima, mama."

"Juu ya nini?"

"Nguo."

"Nguo!" Mama akacheka hadi mchi ukasimama. "Bon, pima vizuri, na uniwekee nafasi ya kiuno." Akasimama wima kama askari. Saba.

Yaya Bea nilimpima akiwa amelala kifudifudi anasukwa nywele na rafiki yake. Saba kasoro kidogo tu. Nyumba nzima ilikuwa inakubaliana, kama samaki wa kikapu kimoja.

Nikaenda mchangani karibu na maji, nikajilaza, nikachora mstari utosini na mwingine kwenye visigino, nikainuka taratibu nisifute. Nikapima kichwa changu. Nikahesabu. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu.

Tano na nusu.

Sikulia. Nilikaa palepale nikatazama mto ukibeba vichaka vyake vya majani kwenda chini, vikubwa kama nyumba, bila haraka. Nikawaza: basi, ni kweli. Mimi ni samaki wa kikapu kingine. Na kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye utaratibu, niliona kwamba kinachofuata ni kurudi kwetu. Nikafunga gauni langu la pili na kipande cha kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, ndani ya kitambaa, nikaenda gare.

Treni ilikuwa imeingia, na watu walikuwa wamejaa kama siafu. Nikachagua mama mmoja mnene aliyeketi juu ya magunia ya mchele, kwa sababu ya magunia.

"Mama, jambo."

"Jambo, mutoto."

"Mama, hamukupoteza mutoto?"

"Mutoto gani?"

"Mimi."

Akanitazama kutoka miguuni hadi kwenye paji, na kwenye paji akakaa muda. "Mimi iko na nane," akasema. "Nilihesabu asubuhi, wote biko. Kama Mungu aliniongezea wa tisa njiani, Hakuniambia. Nani alikuambia umepotea?"

Nikamweleza. Treni, gunia, kafi, samaki, uzi, tano na nusu. Alisikiliza yote bila kucheka, na ninamheshimu hadi leo kwa jambo hilo. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa.

"Bon. Pima mimi. Kama ni tano na nusu, unapanda treni, unakula kwangu."

Alisimama juu ya gunia kabisa, mbele ya watu wote, mikono imenyooka. Wapagazi walisimama kutazama. Nilimpima fundo kwa fundo. Nilipofika kwenye vidole vya miguu sikuamini.

"Ngapi?"

"Saba, mama."

"Eee! Basi haiko wangu."

Hapo ndipo nililia. Kutokuwa wa nyumba moja nilikuwa nimeshalimeza. Lakini kutokuwa wa nyumba moja, na wa treni pia hapana! Nililia kwa sauti ambayo mashine ya treni ilinyamaza kuisikiliza, ndivyo nilivyoona mimi. Yule mama akaacha magunia yake kwa jirani, akanishika mkono, akasema, "Njoo. Twende tuwaulize hao samaki."

Tulipofika nyumbani, ua mzima ulikuwa unanitafuta. Mama alikuwa ametazama hadi ndani ya pipa la maji. Yaya Bea alikuwa mweupe midomoni. Mama wa magunia akawaeleza, mbele ya Papa Meta aliyekuwa anafunga vitabu vyake, na alipofika kwenye "tano na nusu" nikaonyesha uzi wenye fundo kama shahidi.

Papa alimgeukia Bea. Bea akaanza kuangalia miguu yake. Mambo yake yalimalizwa baadaye na mama, nisiyasimulie.

Papa Meta yeye hakucheka wala hakunibembeleza. Alitandika mkeka.

"Mademoiselle, kichwa kushoto."

Nikalala ubavu, kichwa kushoto. Akanipima kwa uzi wangu mwenyewe, kwa uangalifu uleule. "Tano na nusu," akasoma. "Umepima sawasawa. Kosa halimo kwenye uzi." Kisha akasema, "Nileteeni Fiston."

Fiston alilazwa, akapiga mateke, akakojolea kalamu. Kichwa chake kiliingia mara nne. Nne tu!

"Na huyu naye aliokotwa?" akaniuliza.

Koko akaruka kutoka kwenye kigoda. "Huyu? Mikono hii ndiyo ilimpokea! Na weye pia, mujinga weye, mikono hii hii! Ulitoka na paji kwanza, mama yako alipiga kelele hadi Makiso bakasikia!"

Papa Meta akavuta ile ndoo ya pembeni, akatoa samaki mdogo wa mkonga, urefu wa kidole, akamlaza kando ya mkubwa. "Angalia kichwa. Angalia jicho. Mdogo ana kichwa kikubwa kwa mwili wake, kila mdogo, samaki ao mtu. Akikua, mwili unakifuata. Ndiyo maana siwachanganyi. Mdogo unamlinganisha na mdogo. Ukimlinganisha na mkubwa, utasema ni mgeni, kumbe ni mtoto wake."

Nikamtazama yule samaki mdogo muda mrefu. Alikuwa na paji, kweli.

"Na hili paji unafikiri ulilitoa wapi?" koko akaendelea, maana alikuwa hajamaliza. "Weye, toa kofia!"

Papa akamtii mama yake, akavua kofia. Mama wa magunia akapiga makofi akasema "Yesu!" Lilikuwa paji langu, lilelile, limekaa juu ya macho ya papa kama ukingo wa mtumbwi. Mchana uleule nilikuwa nimeliwekea uzi. Nilikipima kichwa kile nisikione.

"Lakini kafi," nikasema. Bado nilitaka yote.

"Kafi?" Papa akashangaa. "Ulikuwa na surua mvua zilizopita, miguu kama nyuzi. Nilingoja upate nguvu, kisha nikangoja maji yashuke. Yameshuka. Kesho."

Na kesho ikawa. Mto ulikuwa wa rangi ya chai, jua limetambaa juu yake, na baridi ya asubuhi ikanipanda kutoka kwenye mbao hadi magotini. Papa nyuma na kafi, mimi katikati nimesimama, mikono wazi, sishiki kitu. Mtumbwi uliinuka na kushuka, nami nikainuka na kushuka nao, na katikati ya mto kabisa nikaanza kucheka bila sababu na papa naye akacheka bila kuniuliza. Mama wa magunia, ambaye alilala kwetu, alikuwa ufukweni anapunga kitambaa. Nadhani hata wale watoto wake nane hawakuwahi kupungiwa hivyo.

Tuliporudi, alinisimamisha kando ya kafi. Kisu kikagusa utosi wangu. Papa akainama, akatazama karibu. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya alama iliyokuwepo tayari, ile nyeusi, yake mwenyewe, aliyokatwa na baba yake. Hata unywele haukupita katikati.

Hakukata mpya. Aliongeza kina kwenye ile ya zamani, akapuliza vumbi la mti, akaniambia niguse.

"Ni juu ya paji," yaya Bea akanung'unika. "Paji ndiyo imemwongezea."

Ndiyo. Na ikae hapo.

Papa Meta alimaliza kazi yake mvua zilipoanza. Alimwambia koko kwamba vipimo vimesema: ni samaki wawili kweli, wa mkonga mrefu na wa mkonga mfupi, na wale wa katikati walikuwa vijana wa mkonga mrefu ambao hawajamaliza kukua. Koko akajibu kwamba angemwambia hivyo siku ya kwanza kwa sahani moja ya samaki. Kafi lilienda na mtumbwi, mwaka ambao mto ulichukua vitu vingi. Kidole changu bado kinakumbuka kina cha ile alama.

Basi juma lililopita, jikoni kwangu, nilimshikia Nadine mkia. Alimlaza samaki kichwa kulia, nikamgeuza kushoto.

"Koko! Nani alikufundisha?"

"Andika."

Akasoma, akaandika. Mkonga, jicho, kimo cha tumbo. Pondu ikapoa, nami sikujali, jambo ambalo majirani hawataliamini. Samaki wa nane, wa tisa. Mkono wake ukatumbukia ndoo, ukatoka na mmoja wa urefu wa kidole, kichwa kikubwa, macho yote mawili usoni kama taa, akataka kumlaza kwenye mstari wa wenzake.

Nikamtoa. Nikamtafutia bakuli lake, pembeni, nikamlaza polepole.

"Koko, huyo ni namba kumi!"

"Huyu bado mutoto," nikamwambia. "Mungoje."